Andazi la Upande wa Kushoto

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Mnyamwezi yule ana mkono mwepesi kuliko vibaka wote wa Mbagala. Kila siku saa ya chai andazi langu lilikuwa linapotea. Nanunua mwenyewe kwa mama ntilie wa getini, naweka kwenye kisahani, nageuka kidogo kuongea na mwenzangu wa kulia, nikirudi kisahani kitupu. Nainua macho naona kantini nzima wameziba midomo, na yeye yuko mwisho wa benchi anatafuna taratibu, anaangalia dari.

"Mwizi mkubwa wewe!" namwambia. "Babu yako alikuja pwani kabeba pembe za ndovu za watu kichwani, na wewe umekuja kubeba maandazi ya watu tumboni!"

"Mtani, babu yako kauza shamba zima akacheze ngoma. Wewe andazi moja tu unalia?"

Kantini inacheka, na mie nacheka. Nifanyeje? Mie ni Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Tabora, na watu wa kwetu na wa kwao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu. Anaweza kuchukua kitu chako bila kuomba. Ukifiwa, anaweza kuja msibani akajilaza kwenye shimo la kaburi akakataa kutoka mpaka wafiwa mmpe chochote, na nyie mnaolia mtajikuta mnacheka. Na hata afanye nini, hanuniwi. Ukimnunia mtani unajiaibisha wewe na ukoo wako wote.

Kiwanda chetu kiko Vingunguti, kinatengeneza ndoo na mabeseni ya plastiki. Yeye alikuwa fundi wa mashine, kucha zake nyeusi kwa grisi hata siku ya Idi. Mie nilikaa meza ya kukata mabaki. Ndoo ikitoka kwenye mashine bado ina uvuguvugu, na pembeni inakuwa na vipande vya plastiki vimening'inia. Unaizungusha mapajani, unapitisha kisu kidogo chenye makali, unaiweka upande, unachukua nyingine. Niliianza kazi hiyo mwanangu wa mwisho bado ananyonya, na sasa mtoto wake yeye ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Na mwaka ule zilikuwa karibu zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa ananichokoza. Ndoo zilizopangwa kushoto kwangu zilikuwa zinaanguka kila mara nikinyanyuka. "Nani kaniwekea ndoo njiani?" napiga kelele, na wenzangu wananitazama tu. Njiani bodaboda walikuwa wanatokea sijui wapi, hawapigi honi, wananipita hapa kwenye bega, nawatukana mpaka wanageuza shingo kuniangalia. Bega la kushoto likawa halikosi alama ya kujigonga kwenye fremu ya mlango. Fundi aliyejenga nyumba yangu nilimlaani sana, masikini, kwa kosa la kujenga milango myembamba, na mlango ule ule nilikuwa naupita tangu nikiwa bibi harusi.

Mtani ndiye aliyeanza kuniita kipofu. "Mpisheni kipofu wa Kizaramo, anapita!" anapiga kelele nikiingia kantini. Nami namjibu kwamba afadhali kipofu wa pwani kuliko mwenye macho wa bara asiyejua hata ladha ya nazi. Watu wanakufa kwa kicheko. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Neno likishasemwa na mtani, nani atalibeba akalipime kama lina kweli ndani yake?

Mie mwenyewe nilikuwa na dokezo. Asubuhi moja nilikuwa najipaka wanja mbele ya kioo, nimefumba jicho la kulia, nikajitazama kwa lile la kushoto peke yake. Loo! Sikuona uso. Niliona kipande cha pua na mdomo, pembeni kote ukungu wa kijivu. Nikafumbua upesi, nikafuta kioo kwa upande wa kanga, nikajiambia ni mvuke wa maji ya kuoga. Kutoka siku ile nikaacha kupaka wanja. Nilijua kabisa naogopa nini. Bibi yangu mzaa mama, kule Kisarawe, alimaliza maisha yake amekaa mkekani haoni. Watu walisema ni uzee. Alikuwa akitupapasa nyuso sie wajukuu ili atujue, na mie nilikuwa nakimbia, maana vidole vyake vilikuwa vinanitisha. Sasa nikimtazama mjukuu wangu amelala nawaza: na huyu nitampapasa? Na huyu atanikimbia?

Basi, likaja tangazo la kupimwa afya. Kila mwaka walikuwa wanatupima presha na uzito, tunatiwa sindano mkononi, tunarudi kazini. Safari hii wakasema na macho. Kabla hata karatasi ya tangazo haijakauka gundi ukutani, maneno yameshaenea: watakaofeli macho watapunguzwa kazi. Aliyeyasema kwanza hajulikani mpaka leo. Lakini sie tunaoshika visu tuliyaamini mara moja, kwa kuwa yalikuwa na akili. Nani atamwachia kisu mtu asiyeona?

Watu wa stoo ndio waliotangulia kupimwa. Jioni yake dada mmoja wa stoo, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kuongozea kasida, akatukusanya chumba cha kubadilishia nguo. Kumbe walikuwa wameikariri chati yote! Ile chati ina alama moja tu, kama herufi E, imegeuzwa huku na huku, kubwa juu, ndogo chini, na unachoulizwa ni miguu yake imeelekea wapi. "Mstari wa tatu," akasema, "juu, kulia, chini, chini, kushoto. Semeni!" Tukasema. Alitufundisha kwa makofi, tunaimba kama watoto wa madrasa, mstari kwa mstari, na aliyekosea anarudishwa mwanzo. Tulicheka sana. Hakuna aliyejiona mdanganyifu. Tulijiona tunaokoana, ajira za watu zisiende. Nilirudi Mbagala naimba moyoni, chini, chini, kushoto, na usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala miezi mingi.

Kesho yake zamu yetu. Meza za kantini zimesukumwa pembeni, chati imebandikwa pale panapokaaga bei za vyakula. Mpimaji alikuwa binti mdogo aliyevaa ushungi mweupe, rika la mwanangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ziba jicho la kulia kwa kiganja, unisomee."

Nikaziba. Yaani nilijifanya nimeziba, vidole nimeviachanisha kidogo. Hata hivyo sikuhitaji kuchungulia. Wimbo ulitoka wenyewe. Yeye ananyooshea kijiti mstari wa pili, mie nimeshafika wa tatu. Nyuma yangu kwenye foleni nasikia wenzangu wanapiga makofi kwa chini chini, wananisindikiza. Binti akaanza kuandika. Nikaona nimepona.

Hapo ndipo Mnyamwezi wangu alipopaza sauti kutoka kwenye foleni.

"Dokta! Huyo mtani wangu usimwamini! Wazaramo hawa wameuza mpaka macho!"

Kantini ikaangua kicheko. Binti naye akacheka, akatikisa kichwa, akataka kuendelea. Lakini yule bwana hakurudi mahali pake. Alitoka kwenye foleni akaja mbele, akachukua kisahani kimoja pale dirishani pa jikoni, akakiweka mezani mbele ya binti.

"Mie ndiye mwizi wa maandazi yake," akasema. "Muulize mtu yeyote humu. Nikimwibia kutoka kulia, ananishika mkono kabla sijagusa. Nikimwibia kutoka kushoto, hanioni. Siku ya kwanza nilifikiri ni bahati. Siku hizi naweka mkono pale kwenye kisahani nauacha, nahesabu polepole, hajui kama upo. Mpime upya, dokta. Na hiyo chati igeuze, wote hawa wanaiimba."

Watu walicheka tena, kwa mazoea. Halafu kicheko kikapungua, mmoja mmoja. Walikuwa wanakumbuka. Kila mmoja alikuwa ameuona ule mkono wake kwenye kisahani changu, siku baada ya siku, na kila mmoja alifikiri ni utani.

Binti aliacha kalamu. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu magoti karibu kugusana, akanipa karatasi ngumu nizibe nayo jicho la kulia, akaniambia nimtazame puani nisihamishe macho. "Ukiona vidole vyangu vinacheza, sema." Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Niliposema ndiyo, vidole vilikuwa vimeshafika karibu na pua yake. Akarudia. Akageuza upande. Baadaye akagusisha jicho langu na kidude kidogo kilichonishtua, akakitazama, akakigusisha tena. Uso wake ulikuwa na upole ambao sikuupenda hata kidogo.

"Mama, hii inaonekana ni presha ya macho," akasema taratibu ili wengine wasisikie. "Haiumi, ndiyo maana inajificha. Na upande wa kulia unausaidia wa kushoto, wewe unaona kama uko sawa. Nakuandikia uende hospitali wiki hii hii, usipeleke mbele."

Nilitoka pale hasira ndiyo iliyonibeba. Mnyamwezi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeniuza," nikamwambia. "Umeniuza mbele za watu! Sasa wanifukuze nikakae mkekani na mjukuu, ufurahi."

"Mtani..."

"Usiniite mtani!"

Khaa! Kila aliyesikia alishika mdomo. Nikamnunia. Nilimnunia kweli kweli, nikipishana naye nageuza uso, chai nanywa nimempa mgongo. Wazee wa kiwandani walinisema, wakaniambia nimefanya jambo ambalo halijawahi kuonekana. Andazi langu likawa linakaa kwenye kisahani mpaka linapoa, hakuna wa kuligusa. Sikuwa na hamu nalo. Nilikuwa namega kipande namalizia kumpa paka wa getini.

Hospitali nilikwenda na binti yangu. Daktari, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, alinipima kwa mashine nyingi, nikaweka kidevu hapa, paji la uso pale. Mwisho akanieleza bila kuzunguka. Kilichopotea jicho la kushoto hakitarudi. La kulia nalo limeanza kuguswa pembezoni, lakini kidogo, na hilo linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yangu yote, bila kuruka.

"Kwa hiyo sitakuwa kipofu?" nikamuuliza.

"Ukishika dawa na kuja kupimwa, tuna nafasi nzuri sana. Ungengoja mpaka uone tatizo mwenyewe, tungekuwa tunaongea maneno mengine." Kisha akauliza, "Nani aligundua?"

"Mwizi," nikasema. Binti yangu akanitazama. Nikaanza kucheka, nacheka huku nalia, mpaka daktari akanisogezea kitambaa. Nikamsimulia na habari za bibi. Akasema huenda na yeye ilikuwa hiyo hiyo, ugonjwa huu hupita kwenye damu, nipeleke watoto wote wapimwe. Niliwapeleka wote, kwa nguvu, hata yule wa Madale anayejiona msomi. Alhamdulillah, wako salama. Daktari akanifundisha na jambo moja dogo: kabla sijanyanyuka, kabla sijavuka, nigeuze kwanza kichwa chote kushoto, jicho la kulia lifanye kazi ya mawili.

Niliporudi kazini niliitwa ofisini. Niliingia nimeshajiandaa kwa maneno ya kujibu, nimefunga kanga kiunoni kabisa. Meneja akasema wamenihamishia meza ya kuweka vishikio vya ndoo, haina kisu, na ameagiza iwekwe ukutani ili kushoto kwangu kuwe na ukuta, pasipite mtu wala kitu. Basi. Yale maneno yote niliyoyaandaa nilirudi nayo nyumbani. Hakuna aliyepunguzwa. Dokta binti alikuja tena na chati nyingine, akawapima waimbaji wote upya, na dada wa stoo, mwalimu wetu, akakutwa haoni hata mstari wa kwanza. Siku hizi ana miwani, na anajishangaa kwamba nyumba ya jirani yake ina rangi ya bluu.

Akabaki Mnyamwezi. Nilinunua maandazi mawili, nikayaweka kisahani kimoja, nikaenda kukaa benchi lake. Kisahani nikakiweka kushoto kwangu, katikati yetu.

"Iba," nikamwambia.

Hakuiba. Alikuwa anaangalia kucha zake.

"Mama yangu alikuwa anajigonga mlangoni hivyo hivyo," akasema. "Bega moja tu. Kule kwetu, mie na ndugu zangu tulikuwa tunacheka. Tukimwona anapita tunasema mama kalewa, na hajawahi kuonja pombe. Yeye naye anacheka. Mpaka siku aliyoniuliza, mwanangu, mbona hamjawasha taa, na jua lilikuwa linawaka."

Hayo ndiyo maneno pekee ya maana aliyowahi kuniambia. Nilitaka kumshukuru, nilitaka nimwambie kwamba nimerudishiwa uso wa mjukuu wangu. Lakini mtani hashukuriwi, ukimshukuru umemfanya mtu baki.

"Mmecheka mpaka mama wa watu akapofuka," nikasema. "Kweli Wanyamwezi mizigo ile iliwaponda akili."

Aliinua kichwa polepole. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashikilia meza, akachukua maandazi yote mawili akanywea chai yangu.

Tangu hapo mambo yalirudi, isipokuwa kitu kimoja, na ilinichukua muda kukigundua. Haniibii tena kutoka kushoto. Anakuja upande wa kulia, kila siku, polepole, mkono wake mzito unajulikana toka mbali. Na kila siku namdaka. Nampiga kofi la mkono, kantini inapiga kelele, yeye anarudi mahali pake ameridhika. Nilifikiri amezeeka, amepoteza ufundi wake. Kumbe ananipima. Kila saa ya chai alikuwa anahakikisha kwamba jicho lililobaki bado lipo.

Nilipoelewa sikumwambia. Nikaamua kumkomoa kidogo. Siku hiyo nilimwona anakuja, nikamwona anakunja mkono wa shati, nikatulia namtazama mwenzangu wa mbele. Mkono ukafika kwenye kisahani. Sikutikisika. Ukashika andazi, ukaliinua, ukasimama pale pale. Ukalirudisha. Ukalishika tena, polepole zaidi. Mie macho kwa mwenzangu. Kisha akapitisha kiganja mbele ya uso wangu, upande wa kulia, kiganja chenye grisi.

Andazi likamponyoka likaanguka kwenye chai.

"Mtani," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani hata chembe. "Mtani, unaniona?"

"Nakuona tangu unakunja shati, mwizi mkubwa wewe!"

Kantini ilipasuka kwa kicheko. Yeye akakaa chini kwa kishindo, akanitukana mie, akatukana Kisarawe yote mpaka Bagamoyo, akaapa hataniibia tena mpaka aingie kaburini. Nikalitoa lile andazi kwenye kikombe, limelowa chai linadondoka, nikalimega, nikampa nusu. Akalila. Halafu akahamia upande wangu wa kushoto, akainamisha kichwa, akavuta kofia usoni, akidhani huko simwoni. Nikageuza kichwa chote, kama nilivyofundishwa, nikamwona anafuta macho.